Mama Mkwe wa Lizaboni

Habari hii nimeipata kwa Devota, mwezi wa saba uliopita, siku alipokuja kunisaidia kupukuchua mahindi. Devota ni fundi cherehani, na kibanda chake kimepakana na duka la Adela pale Lizaboni, mjini Songea. Mengi aliyaona kwa macho yake, na yale asiyoyaona alisimuliwa na Adela mwenyewe, maana Adela si mtu wa kukaa na neno tumboni.

Adela ni mjane. Marehemu mumewe, Mngoni wa Maposeni, alimwachia watoto wawili na duka la vyakula: unga, chumvi, dagaa wa Nyasa, mafuta ya kupima, mkate. Mtoto mkubwa, Fransisko, analima mahindi huko huko Maposeni. Mdogo, Dorine, ameolewa na Saimon, muuza mafuta kwenye sheli iliyo ng'ambo ya barabara. Ukisimama mlangoni kwa Adela unamwona Saimon na kizibao chake cha kung'aa, anazunguka kwenye pampu.

Siku hizi mjini utamkuta mtu kakaa kochi moja na mama mkwe wake, wanakula karanga bakuli moja na kutazama tamthilia. Adela hakulelewa hivyo. Kwao mkwe hampi mama mkwe kitu mkononi, wala hapokei mkononi mwake. Hamtazami usoni. Jina lake halitamki hata akiota. Na mama mkwe naye vivyo hivyo. Si chuki, ni heshima. Adela alimpenda Saimon kuliko alivyoweza kumwambia, kwa kuwa kumwambia kwenyewe hakukuruhusiwa.

Basi Saimon akitaka sukari dukani kwa mkwewe, ilikuwa shughuli. Anachuchumaa kando ya barabara, uso kauelekeza sheli, anasema, "Shikamoo mama." Anataja anachotaka kama vile anaongea na magari. Anaweka noti juu ya kreti la soda lililopinduliwa pale mlangoni, anarudi nyuma mpaka kwenye nguzo ya umeme. Adela anatoka, anachukua noti, anaweka sukari, anaingia ndani. Ndipo Saimon aje kuchukua. Siku moja upepo ukaipeperusha noti, wote wawili wakaikimbilia, wakashtukia wameinamiana kama mbuzi wanaotaka kupigana vichwa. Devota anasema noti aliiokota yeye, maana wakwe walikuwa wameshatawanyika.

Mwaka huu duka likaanza kupoa. Kijana anakuja, anachagua mkate, anatoa simu, anauliza, "Bibi, lipa namba iko wapi?"

"Sina."

"Hata ya kuskani huna?"

"Nina mkate, baba. Mkate ninao."

Kijana anaurudisha mkate taratibu kama anamlaza mtoto, anavuka barabara kwenda duka la kule sheli. Kule watu wanaweka mafuta, wananunua mkate, wanalipa kwa simu, wanaondoka. Mikate ya Adela ikawa inakauka. Alianza kuwakaangia wajukuu wake mikate iliyokauka, mpaka wajukuu nao wakachoka.

Fransisko aliposikia akapiga simu. "Mama, unahangaikia nini huko? Tukimaliza kuvuna nakuja na gari. Unapakia vitu vyako, unarudi nyumbani."

"Ngoja kwanza."

"Ningoje nini?"

Moyoni Adela alijua. Maposeni ni kwao, ndiyo, ila jiko la kule ni la mke wa Fransisko, na jiko moja halipikiwi na wanawake wawili. Hapa Lizaboni ana jumuiya yake ya sala ya Alhamisi. Wajukuu wakitoka shule wanapitia kwake kabla ya kwao. Jioni anasikia sauti ya Dorine nyumba ya nyuma akigombana na kuku. Duka likifa, hivyo vyote vinapakiwa kwenye gari pamoja na mizani.

Siku moja akamwambia Devota, "Twende tukaone hayo wanayoyafuata kule." Wakavuka, wakakaa ukingoni mwa ukuta wa sheli kama watu wanaosubiri usafiri. Likaingia Fuso la Mzee Daimu, dereva wa Tunduru aliyezoeleka pale. Saimon, asijue nani yuko nyuma yake, akamjazia mafuta. Kifuani alikuwa amening'iniza kadi yenye mraba wa madoadoa meusi. Mzee Daimu akatoa mkono dirishani, akaielekezea kadi simu yake, akabonyeza mara mbili tatu. Simu ya Saimon ikalia. "Imeingia, mzee." "Alhamdulillahi." Fuso likaondoka.

Adela akasema, "Hawajagusana."

"Ndiyo mambo ya sasa hayo."

"Hakuna kilichotoka mkono huu kuingia mkono huu. Na hawakutazamana usoni."

"Wanatazama simu, dada."

"Huyo mzee kwani ameoa kwao yule kijana?"

Devota alicheka mpaka kanga ikamdondoka. Lakini Adela hakuwa anatania. Alikuwa ameona kitu. Miaka yote watoto wa mjini wamemwambia mambo ya simu si ya watu kama yeye, kumbe ni adabu ya ukweni tupu. Haya ya kutoa bila kugusana yeye ameyafanya kwenye kreti la soda tangu Dorine aolewe.

Kesho yake Devota akapeleka ujumbe kwa Saimon kwamba mama anataka hiyo namba. Saimon alifurahi, akamleta Sabra, binti wa kampuni ya simu anayekaa na mwavuli wake pale sheli kila wiki. Sabra akaingia dukani na tableti yake. Saimon akabaki kwenye nguzo, mgongo kaugeuzia duka, akijibu maswali kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe.

Adela akachukuliwa alama ya kidole. Kisha akaenda chumba cha nyuma kutafuta kitambulisho, ambacho alikuwa amekifunga kwenye kitambaa, na kitambaa kwenye kopo, na kopo chini ya kitanda. Huku nyuma Sabra akauliza, "Kaka, jina la duka niandike nani? Hili jina ndilo mteja atakaloliona akilipa."

Saimon akaishika nguzo.

"Kaka. Duka la nani hili?"

"La mama."

"Mama nani?"

Devota anasema jasho lilikuwa likimtoka Saimon, na ilikuwa asubuhi ya baridi. Jina analijua. Limeandikwa kwenye cheti chake cha ndoa. Lakini kulitoa mdomoni, hapo barabarani, mwenyewe akiwa hatua chache ndani? Na Devota, ambaye angelitaja bila shida, alikuwa na pini mdomoni anapima suruali ya mtu.

"Mama mkwe," Saimon akasema.

"Sawa," Sabra akasema, akaandika. Aliporudi Adela na kitambulisho, mambo yalikuwa yamekwisha. Kadi ya madoadoa ikabandikwa kwenye fremu ya mlango, upande wa nje.

Ikabaki kujaribu. Saimon akasogea mlangoni kinyumenyume. Adela ndani akajifunika kanga kichwani, akageukia rafu ya sabuni. Saimon akaelekeza simu kwenye kadi huku uso ukiwa barabarani, akapiga picha ya bawaba. Akarudia, akapiga picha ya mguu wa Devota.

"We baba, tazama kadi," Devota akamwambia. "Kadi si mkweo."

Akatazama. Simu ikakubali. Kisha akaganda kama aliyeona nyoka, maana kioo kilikuwa kimeandika: Unamlipa MAMA MKWE.

Ndani simu ya Adela ikalia. Yeye alisoma mpaka darasa la nne, kusoma anajua, ila polepole. Akasoma kwa kidole: umepokea, kutoka kwa. Alipofika kwenye jina la aliyelipa akakiruka kile kipande kwa heshima, akasema kwa sauti, "Imeingia, kutoka kwa yule."

Devota alipomwambia kilichoandikwa, Adela alikasirika. "Mama mkwe? Kila mwanaume wa Lizaboni atakayenunua chumvi ananiita mkwe? Nitawaficha uso wangapi mimi? Si nitauza duka nikiwa chini ya kitanda." Akataka lifutwe siku hiyo hiyo. Sabra alishaondoka na mwavuli wake, ana kazi Madaba, mpaka wiki nyingine.

Saimon hakwenda kazini kwa aibu. Jioni akaja na kuku jike mwekundu, akamfunga mguu kwenye kreti, akachuchumaa mbali, akaondoka bila neno. Kwetu ukimkosea mkwe, kuku ndiye anayekusemea.

Dorine akaja baadaye. "Mama, baba wa watoto wangu hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi."

"Alikosa jina lingine la kuandika?"

"Angeandika lipi, mama? Angetaja lako?"

Adela akamtazama kuku. Kweli, angetaja lipi? Yule kijana alisimama penye shida, wote wanamngoja, akachagua kuonekana mjinga kuliko kuvunja adabu. Wangapi wa siku hizi wangefanya hivyo? "Mwambie ale," akasema. "Na kuku nimempokea."

Asubuhi yake akaja Ibra, kijana wa bodaboda, Myao, na Wayao na Wangoni ni watani. Akaona kadi, akatoa simu kulipia maandazi. Akasoma. Akatazama ndani, akatazama tena simu.

"Bibi, kumbe umeniozesha na hukuniambia?"

"Myao nimwozeshe nini? Mbuzi?"

"Sasa binti yuko wapi?"

"Wamekwisha. Wewe umebakiziwa kulipa tu."

Ibra akacheka, na hapo hapo, kwa utani wake, akachuchumaa kando ya barabara, uso kauelekeza sheli, akasema, "Shikamoo mama. Naomba uniwekee maandazi kwenye kreti."

"Marahaba. Sogea kwenye nguzo."

Kijiweni kwao hakulifungia neno. Mchana wakaja bodaboda wengine, kila mmoja anataka kuona simu yake ikimwambia anamlipa mama mkwe. Wakachuchumaa, wakalipa, wakasogea nguzoni kungoja, simu ya Adela ikilia wanaitikia kwa pamoja, "Imeingia." Madereva wanaotoka kujaza mafuta ng'ambo wakawa wanavuka barabara kununua mkate kwa mama mkwe. Jambo lililoanza kwa mzaha likashika mizizi. Vijana waliozoea kuegemea meza na kutukana walianza kukatazana: "We, mbele ya mkwe?" Mmoja alijaribu kuonyesha ujumbe wa malipo ya juzi ili abebe mafuta ya kupikia bure, Ibra akamshika kola. "Simu ya mama haijalia. Unamwibia mkweo, utazaa watoto wenye mikia." Akalipa.

Adela hakujificha chini ya kitanda. Kujificha saa ngapi, na mkate unaisha kabla ya saa nne?

Wiki ikapita, Sabra akarudi. "Bibi, niliambiwa nimekosea jina. Samahani sana. Nalibadilisha sasa hivi. Niandike Adela?"

Wakati huo huo, kama waliokuwa wameagana, likaegeshwa gari la Fransisko, mahindi nyuma, nafasi ya mizigo imeachwa. Fransisko akashuka, akakuta watu wamepanga mstari wamegeuzia duka mgongo. Akadhani kuna msiba.

"Kaka, usimtazame usoni," Ibra akamwambia. "Hapa ni ukweni."

"Yule ni mama yangu."

"Basi wewe ni shemeji yetu sote."

Fransisko alikuwa na kiu. Akachukua soda, akatoa simu, akalipa kama wengine. Akasoma. "Mama, umekuwa mkwe wa nani?"

"Wa mji mzima," Adela akasema. "Wewe umekuja kuchukua nini vile?"

Fransisko akatazama rafu, zilivyokuwa na mapengo ya vitu vilivyonunuliwa. Akatazama watu. Akakuna kichwa. "Nilikuja kuchukua mizani," akasema, "lakini naona inatumika." Akawaomba vijana wamsaidie kushusha mahindi. Kama watu wananunua hivi, akasema, mama na auze na yake.

Sabra bado alikuwa amesimama na tableti, kidole hewani. "Bibi, jina?"

Adela akatupa jicho barabarani. Kule nguzoni alisimama Saimon na kizibao chake, zamu imekwisha, mgongo kaugeuza, anangoja watu wapungue aje anunue sukari. Jina la Adela likikaa kwenye ile kadi, huyu kila akilipa litamrukia machoni. Ataacha kuja. Atanunua sukari kule sheli, na hilo duka la sheli si la mkwewe.

"Liache," Adela akasema. "Limekaa vizuri. Aliyeliandika alikuwa na akili."

Alisema kwa sauti, makusudi. Mgongo wa Saimon ukanyooka.

Watu walipokwisha, Saimon akaja, akalipa bila kukosea kadi. Simu ikalia. Adela, kanga kichwani, uso kwenye sabuni, akaweka sukari kwenye kreti, na juu ya sukari akaweka mayai yaliyofungwa kwenye gazeti, ya yule yule kuku mwekundu.

"Imeingia, baba," akasema.

"Asante, mama," Saimon akajibu magari.

Adela akafunga duka mapema, maana baridi ya Songea msimu wa mavuno haina masihara. Nyumba ya nyuma wajukuu walishanyamaza, na taa ya Dorine na mumewe ikazimwa. Fransisko alikuwa anakoroma kwenye mkeka kati ya magunia yake. Kuku alishalala kwenye kreti, kichwa kwenye bawa. Adela akaweka simu kando ya mto, akasali kifupi kwa sababu ya usingizi, akajivutia blanketi mpaka masikioni, akalala.