Kabati Lililokubali Kichwa

Siku ile mjinga alikuwa mimi. Nakiri mapema, kabla Leonardi hajawasimulia yeye, maana huyo akishika hadithi huongeza chumvi mpaka chakula hakiliki.

Leonardi ana chumba cha maonyesho ya vitu vya kale hapa Gitega, Burundi. Mimi ni fundi seremala, na ndimi mkaguzi wake. Zikiletwa fanicha za maafisa wa Kijerumani, zile zilizotengenezwa zifunguliwe vipande vipande zibebwe safarini, mimi ndiye nasema hii ya kweli, hii ya juzi. Mwaka jana niliapa kwamba kiti fulani cha kukunja kina miaka mia na ushee. Leonardi akakikalia mbele ya wageni. Kilipomtupa chini, tukaona karatasi ya kiwanda imebandikwa chini ya ngozi. Tangu hapo nikawa mkali kama hakimu mwenye njaa.

Kwa ukali huo nikafika Gasorwe, kwa Anisia. Gari tuliliacha barabarani, tukapanda kilima kwa miguu, Leonardi akihema nyuma yangu. Anisia alikulia kambi ya wakimbizi Tanzania kama mimi, na siku hizi hubeba mizigo ya watu mpakani Kobero. Kabati lake hakuwa analiuza. Alitaka likae Gitega, watu waje walione, na juu yake kadi yenye jina la Nazario, baba wa babu yake. Nazario ndiye aliyelibeba enzi za Wajerumani, mpaka afisa akakimbia vita na mzigo ukambakia kichwani.

Lilikuwa uani, vipande viwili, kimoja juu ya kingine, droo mbele, vishikio vimezamishwa ndani ya mbao visikwaruze kitu. Vizuri. Lakini mimi sikwenda kutafuta vizuri.

"Skrubu za nyota," nikasema, nikimulika kwa tochi ya simu. "Hizo Wajerumani wale hawakuzijua. Pembeni hakuna shaba, ni viraka tu. Na huu ubao wa nyuma, vidole viwili unene! Nani anambebesha mtu mbao za bure?"

"Skrubu alitia baba, kambini. Shaba nazo zilibanduka njiani wakati wa kukimbia."

"Dada, kila kabati feki lina baba aliyelitengeneza."

Leonardi akacheka peke yake. "Bon. Fundi amesema. Mi sitaki kuanguka tena, mama."

Anisia akasokota kitenge kikawa ngata. "Basi nisaidieni kulirudisha ndani. Inama, kaka Prosper."

Akanitwika kipande cha juu. Makabati nimebeba mengi maishani, na yote huvuta mbele, upande wa droo na kufuli. Unatembea kama mbuzi anayeburutwa sokoni. Nikalikamata kwa mikono miwili.

"Achia."

"Litaanguka!"

"Achia, kaka."

Nikaachia. Likatulia. Nikapiga hatua mbili, limetulia. Nikageuka, likageuka nami.

"Huo ubao wako wa bure ndio unaoshindana na droo," Anisia akasema. "Aliyelitengeneza aliijua shingo ya mtu. Wanaoiga wanaijua picha."

Nikalishusha, masikio yakiniwaka moto. Nikawasha tena tochi ya simu. Vile viraka vya pembeni vilikuwa vimeziba vishimo vilivyokatwa kwa usafi, vyote saizi moja: hapo ndipo shaba ilipokaa. Na kando ya kila skrubu ya nyota palikuwa na tundu pana la zamani, limezibwa kwa kijiti. Yote hayo nilikuwa nimeyaona mwanzo, nikayaita uchafu wa kazi.

"Ni lenyewe," nikasema.

"We una hakika?" Leonardi akauliza. "Nilikalie?"

"Likalie."

Akalikalia kwa woga, nusu ya makalio, kisha yote. Halikutoa hata mlio.

Tulifika Gitega mchana. Mimi na Leonardi tuliingiza kipande cha chini, tukipumzika mara tatu. Anisia akaja na cha juu kichwani, akasimama mlangoni, macho kwenye kadi ya ukutani ambayo Leonardi alikuwa ameiandika tayari: *Kabati la safari la afisa wa Kijerumani.*

"Nazario yuko wapi?"

"Mama, tuelewane," Leonardi akasema. "Jina ya afisa hatujui, c'est vrai, lakini kabati ilikuwa yake. Nazario alikuwa anabeba tu."

"Andika wote wawili," nikaingilia, mimi mwenye deni la aibu.

"Kadi iko ndogo! Na kwenye kadi tunaandika mwenye kitu, hatuandiki mwenye kubeba."

Anisia hakushusha. Mikono kiunoni, kabati limetulia juu ya ngata.

"Sawa, mzee Leonardi. Basi mwite huyo mwenye kitu aje aliingize ndani."