Fremu ya Fundi Cheche

Karakana ilipotaka kuiuza fremu ya kunyanyulia injini kama chuma chakavu, mhandisi aliomba wiki moja aipime kwanza. Hakusema kwamba aliyeichomelea, miaka thelathini nyuma, alikuwa baba yake. Wakongwe wa karakana bado walimwita mzee huyo Fundi Cheche. Alifariki miaka miwili iliyopita, na binti yake hakuwahi kukaa naye chini amwulize habari za kazi yake.

Mchoro haukuwepo. Akapima kila nguzo kwa futi kamba, akaijenga fremu upya kwenye kompyuta, akaishikiza miguu sakafuni, akaitundikia tani mbili. Programu ikapiga hesabu, kisha ikapaka chuma rangi: buluu penye nafuu, kijani panapohimili, nyekundu panapoelemewa. Kona mbili za juu zikawaka nyekundu. Kwa hesabu ile, fremu ilipaswa kuwa imeshaanguka siku nyingi.

Akarudi karakana, akapanda ngazi, akazipapasa zile kona. Chini ya rangi nene kulikuwa na vipande vya chuma vya pembetatu, ambavyo alividhania viraka tu, akaviruka. Akaviingiza kwenye mchoro. Nyekundu ikafifia, ikawa kijani. Mzee alijuaje, na hata kikokotoo hakuwa nacho?

Jumapili akamwuliza mama yake. Mama aliacha kukunja nguo, akacheka kidogo. Akasimulia kwamba fremu ilipinda siku ya kwanza tu, mbele za watu, mafundi wakamtania baba mwezi mzima, naye akakosa usingizi. Alipoiongezea vile vipande, hakuinua injini kwanza. Aliwaita wenzake kumi na wawili wajining'inize wote kwa pamoja, wakipiga kelele kama nyani, huku yeye amekodolea macho zile kona.

"Na wewe ulikuwepo," mama akasema. "Mgongoni kwangu, umelala fofofo."

"Mbona hukuniamsha, mama?"

"Mwanangu, ulikuwa na miezi minne."

Jumatatu akaandika ripoti: fremu ibaki kazini, mradi isibebeshwe zaidi ya tani mbili. Meneja akasaini. Wenzake walipokwenda kula, yeye alibaki mezani akiizungusha fremu polepole kwenye kioo cha kompyuta, akitamani baba angesimama nyuma ya kiti chake, amwonyeshe kwa kidole pale alipokosea.