Sasisho la Jumamosi ya Umuganda

Kitengo cha kompyuta cha Idara ya Takwimu ya chuo kikuu kilikuwa na watu wawili, na kabla ya mwezi kuisha mkuu wa idara angependekeza mmoja wao awe mkuu wa kitengo. Mpaka siku Kaliza alipoletwa, Régis hakuwahi kufikiri kwamba angeweza kupendekezwa mtu mwingine.

Kaliza alikuwa amekulia Mwanza. Alikuja na shahada ya pili, kicheko cha haraka na Kiswahili kilichonyooka. Régis alikulia Buyenzi, Bujumbura, na kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa akisifiwa kwa Kiswahili katika idara ambayo watu wake huchanganya Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa bila kujali. Siku ya kwanza Kaliza alipofungua mdomo, sifa hiyo ilihama. Hilo Régis angeweza kulivumilia. La kazi hakuweza.

Zamani masasisho yalifanywa kwa mkono, tena kwa mkono wa Régis. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, nchi nzima ikiwa kwenye umuganda, yaani kazi za pamoja za mitaani, ofisi huwa tupu. Régis alizibua mitaro na majirani zake wa mtaa wa Gitega, akanawa miguu, akapanda pikipiki hadi chuoni na kupita chumba kwa chumba na funguo zake. Aliketi mbele ya kila kompyuta, akaisasisha, akaiwasha upya, akasubiri mpaka itulie. Jumatatu wahadhiri walijua kwamba amepita kwa sababu viti vyao vilikuwa vimeshushwa. Régis ni mfupi, na hakuwahi kukumbuka kuvipandisha tena. Walinung'unika kwa kucheka, na yeye alipenda manung'uniko hayo kuliko shukrani.

Kaliza aliutazama utaratibu huo kwa miezi miwili, kisha akafunga mfumo mpya. Sasa seva ingetuma masasisho kwa mashine zote kwa wakati mmoja, na mashine zingejiwasha upya zenyewe.

"Pumzika sasa, kaka Régis," alimwambia. "Miguu yako imetembea vya kutosha."

Alisema kwa wema. Régis alijua kwamba amesema kwa wema, na hilo halikumsaidia.

Vestine, katibu wa idara, hakuacha jambo hilo lipite. "Umeletewa mke mwenza," alimwambia mlangoni, sauti ikiwa juu vya kutosha. "Tena mdogo. Tena anajua kupika."

"Mke mwenza wa nani? Hii ni kazi."

"Basi mbona umekonda?"

Meza zao mbili zilikuwa katika chumba kimoja, ya Régis ikiwa karibu na mlango. Wahadhiri walianza kuingia, kumpita na kumwendea Kaliza. Armel, mhadhiri kijana ambaye Régis alikuwa amemwokolea tasnifu nzima kutoka kwenye diski iliyokufa, alichungulia asubuhi moja na kuuliza, "Kaliza iko wapi?"

"Ametoka. Una shida gani?"

"Oya, hapana, nitarudi." Akaondoka.

Shida ya Armel ilikuwa printa. Régis aliitambua kutokana na karatasi zilizokunjamana mkononi mwake. Angeweza kuitengeneza kabla Armel hajamaliza kueleza.

Ijumaa kabla ya umuganda, Kaliza aligeuza kiti chake.

"Kesho saa mbili asubuhi natuma sasisho la kwanza kwa idara nzima. Nimewaandikia wote barua pepe. Lakini wewe unaijua idara hii kuliko mimi. Kuna mashine isiyofaa kuguswa?"

Zilikuwapo kadhaa, lakini Jumamosi hii ni moja tu iliyokuwa kazini, na Régis aliijua vizuri. Ilikuwa ya Madamu Daphrose, mhadhiri anayechunguza mavuno ya viazi vya kaskazini. Daphrose ni Msabato. Ijumaa, kabla jua halijazama, huanzisha hesabu zake ndefu, hufunga ofisi na kwenda nyumbani Kagarama. Jumamosi yeye hupumzika, lakini mashine yake haipumziki. Umuganda wake huufanya Jumapili pamoja na waumini wenzake, kisha huja ofisini na kukuta majibu yakimsubiri. Hesabu hizo zikikatizwa katikati, huanza upya kutoka mwanzo. Safari hii majibu yalikuwa ya makala ya mkutano, na mwisho wa kuiwasilisha ulikuwa Jumatatu.

"Uko na kila kitu kwenye mfumo," alisema Régis. "Mfumo utakuambia."

"Mfumo unaniambia mashine imewashwa. Hauniambii mtu anaifanyia nini."

Régis alitazama skrini yake. "Iko sawa. Tuma tu."

"Asante, kaka," alisema Kaliza, akarudi kwenye kazi yake.

Asubuhi ya umuganda Régis alikuwa Gitega, koleo mkononi, mtaro ukinuka mbele yake. Alikuwa na simu mfukoni, na saa mbili ilikuwa haijafika. Simu moja kwa Kaliza ingetosha. Alifikiria angesema nini, na kila sentensi aliyoitunga iliishia mahali pamoja: Kaliza akimshukuru, akiingiza jina la Daphrose kwenye mfumo, na mfumo ukikumbuka jambo hilo milele kwa niaba yake. Akaendelea kuzoa tope.

Baadaye kidogo simu ilitetemeka. Katika kundi la WhatsApp la idara Kaliza alikuwa ametuma picha yake mwenyewe, buti za mpira miguuni na jembe begani. Chini yake aliandika: "Nalima Nyarutarama, na mashine zenu zote zimesasishwa. Hakuna kiti kilichoshushwa!" Vidole gumba vilimiminika. Profesa Ntakirutimana, mkuu wa idara, ambaye huwa haandiki kitu katika kundi hilo, aliandika "Bravo".

Régis alisoma neno hilo mara mbili. Alijua pia, kwa uhakika uleule anaojulia jina lake, kwamba katika chumba cha mwisho cha ghorofa ya juu hesabu za Daphrose zilikuwa zimekwisha kufutika. Hakufurahi. Alichohisi kilikuwa karibu na utulivu, kama mtu aliyeweka mzigo chini na bado hajatazama umeangukia nini.

Jumatatu asubuhi profesa aliwaita ofisini kwake. Daphrose alikuwa amekwisha kuketi, mkoba mapajani.

"Nimefika jana mchana," alisema Daphrose, "mikono bado ina udongo, nikakuta mashine inaniuliza nenosiri kama mgeni. Nikajua. Hata kuifungua sikuhitaji."

"Barua ya Kaliza uliisoma?" aliuliza profesa.

"Niliisoma. Sikuona kama inanihusu. Mashine yangu haijawahi kuzimwa Jumamosi hata siku moja."

Profesa aliwageukia wale wawili. Kaliza alitangulia kusema.

"Kosa ni langu, Prof. Nilipaswa kupita vyumbani kabla ya kutuma, na sikupita. Madamu nimekwisha kumwomba radhi. Jana tumehamishia hesabu zake kwenye seva, huko zinakwenda haraka zaidi, zitaisha leo jioni. Na waandaaji wa mkutano wamemwongezea siku moja."

"Tumeshinda wote ofisini," alisema Daphrose, na sauti yake haikuwa na hasira tena. "Alinifuata mwenyewe. Hata chakula aliniletea."

Régis alimtazama Daphrose. Alikuwa amejiandaa kwa hasira ya Daphrose na kwa aibu ya Kaliza. Hakuwa amejiandaa kwa chakula. Siku moja ya kosa ilikuwa imempa Kaliza urafiki ambao yeye hakuupata kwa miaka yote ya kuiacha mashine ile bila kuigusa na kuufunga mlango wa ofisi yake taratibu. Na Kaliza hakuwa ametaja mazungumzo ya Ijumaa, hata kwa kudokeza.

"Vizuri," alisema profesa. Alikuwa na darasa na alitaka kumaliza. "Kwa hiyo ni jambo ambalo hakuna aliyelijua. Kaliza ni mgeni. Régis naye hakujua. Tuweke utaratibu, tuendelee."

Njia ya kuponyoka ilikuwa wazi kabisa. Régis hakuhitaji hata kudanganya, alihitaji kunyamaza tu. Kwa kunyamaza angebaki na heshima yake, na labda na nafasi aliyoitaka, kwa kuwa kosa lilikuwa limeandikwa kwa jina la mwingine. Lakini "Régis naye hakujua" ilikuwa sentensi ambayo hakuweza kuiacha ikae hewani mbele ya Kaliza.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Mashine ya Madamu haizimwi Jumamosi. Mimi ndiye niliyekuwa ninaiacha, kila mwezi. Hakuna aliyeniambia, hata yeye mwenyewe. Siku ya kwanza niliingia, nikasoma skrini, nikaelewa anafanya nini, nikatoka. Katika idara hii hakuna mwingine anayejua mambo kama hayo."

Alisikia majivuno katika sauti yake mwenyewe, na wengine waliyasikia pia. Vestine, aliyekuwa akipanga majalada pembeni, aliacha kupanga.

Daphrose aliinua macho. "Na Ijumaa, Régis? Ijumaa ulikuwa umesahau?"



Profesa alimgeukia Kaliza. "Ulimuuliza?"

Kaliza alitazama meza. "Naomba aseme mwenyewe, Prof."

Hata hapo alimwachia nafasi, na Régis alimchukia zaidi kwa nafasi hiyo kuliko ambavyo angemchukia kwa shitaka.

"Aliniuliza," alisema. "Nilimwambia atume tu."

Daphrose aliinuka, akashika mkoba wake. Akatoka. Profesa alikusanya karatasi zake za darasa.

"Nilikuwa sijaamua," alisema. "Nataka ulijue hilo. Mpaka leo asubuhi nilikuwa sijaamua." Akamtazama Kaliza. "Jina lako litakwenda kwa mkuu wa kitivo leo."

Walirudi chumbani kwao. Régis aliketi mezani kwake, karibu na mlango. Kaliza hakuketi.

"Kwa nini hukuniambia tu?"

"Ungeiweka kwenye mfumo."

"Ndiyo. Ndiyo kazi yenyewe."

"Ikishaingia kule haina mwenyewe tena."

Kaliza alimtazama. Hakuonekana mwenye hasira, alionekana kama mtu anayejaribu kusoma ujumbe wa hitilafu asiowahi kuuona. "Mimi nilikuwa nakuambia kila nilichokifanya," alisema. "Kila kitu, kaka Régis. Tangu siku ya kwanza." Kisha: "Ziko nyingine? Mashine zisizofaa kuguswa?"

"Ziko."

"Zipi?"

Régis alifungua droo, akaifunga. Alizijua nne, na jinsi kila moja inavyotumika, na kwa nini.

Kaliza alisubiri kidogo, akaketi, akaandika. Kikasha cha barua pepe cha Régis kililia, kwa sababu ujumbe ulitumwa kwa idara nzima na yeye alikuwamo. Kaliza alieleza yaliyotokea kwa sentensi mbili, bila kumtaja mtu, kisha akauliza swali moja: ni nani anayeacha mashine yake ikifanya kazi akiwa hayupo, na lini?

Majibu yalianza kuingia kabla hajainua mikono kutoka kwenye kibodi. Armel alijibu. Mhadhiri wa demografia alijibu, akaongeza shukrani. Kabla ya chakula cha mchana zile nne zote zilikuwa zimetajwa na wenyewe, kwa hiari, katika mistari michache. Régis alisoma kila jibu lilipoingia. Kisha yakaja mengine mawili, kutoka kwa watu ambao alikuwa ameketi kwenye viti vyao mwezi baada ya mwezi, na kwamba mashine hizo nazo hazikufaa kuguswa hakuwahi kujua.