Saa Inayolala

Mlango aliufunga mzee Saulo mwenyewe, kwa mkono wake, kwa sababu Mafinga mwezi wa saba mtu akiingia mahali hafikirii, anauvuta mlango nyuma yake. Baridi imemfundisha hivyo tangu utotoni. Komeo likalia, na Rukia, aliyekuwa ameinama huko ndani kabisa ya chumba cha kukaushia mbao akikagua sindano mbili za kupimia unyevu, akainua kichwa.

"Mzee, umefunga?"

"Nimerudishia tu, mwanangu. Upepo huo."

Kwa ndani mlango haukuwa na mpini. Uling'olewa mwaka jana, baada ya wafanyakazi kukigeuza chumba kile kuwa maficho ya baridi na kulala juu ya mbao kama paka. Mwenye kiwanda alipandwa na hasira, akataka komeo la kompyuta: mlango ukishafungwa, haufunguki mpaka nusu saa ipite. Sijui alidhani waliolala ndani wangetokea wapi. Aliyeandika programu hiyo ni Rukia, binti kutoka Ipogolo, na aliiandika kwa madaha.

Kwa hiyo hakuogopa. Simu alikuwa ameiacha nje, na wafanyakazi wengine wote walikuwa wamekwenda kumzika mwenzao, lakini nusu saa ni kitu gani? Akamwambia mzee akae wapige soga. Mzee akakaa, akikohoa, maana vumbi la msumeno lilishamla kifua.

Kisha umeme ukakatika. Feni zikazubaa, zikanyamaza. Taa nyekundu juu ya mlango, ile inayowaka bodi ya kompyuta ya komeo ikiwa macho, ikazimika, na hapo roho ya Rukia ikaruka.

Bodi ile ilikuwa na saa mbili. Moja ndogo, ya taratibu, haijui usingizi. Nyingine ya haraka, yenye usahihi wa kujivunia, lakini bodi ikilala nayo inalala. Kiini cha mfumo, kile kipande kinachopanga kazi ipi ifanyike lini, lazima kiambiwe kihesabu muda kwa saa ipi. Rukia alikiambia kifuate ile ya haraka, kwa sababu kwenye majaribio namba zake zilipendeza. Umeme ukiwapo bodi hailali, nani angejua? Ikibaki na betri hulala ili kutunza chaji. Sasa imelala, na nusu saa yao imesimama palepale, mpaka umeme utakapopenda kurudi.

Tanuru la maranda nyuma ya ukuta halikujali habari za umeme. Liliendelea kuwaka, na joto likazidi kupanda.

Walipiga kelele mpaka sauti zikakauka. Wakaugonga mlango kwa vipande vya mbao. Mzee Saulo akaanza kuhema kwa shida, na Rukia akamlaza chini pembeni mwa mlango, ambapo mpira wa kuzibia ulikuwa umelika na hewa kidogo ya baridi ilipenya. Ilimtosha mtu mmoja.

Ndipo akakumbuka zile sindano. Unyevu wa mbao ukibadilika ghafla, bodi huamka kidogo kuangalia, kisha hulala tena. Akakimbilia kule ndani, akalamba kidole, akagusa. Taa ikawaka. Saa ilikuwa inatembea! Kisha taa ikazimika. Akatoa kidole, akagusa tena, ikawaka.

"Nimepata njia, baba!" akaita. "Wewe lala hapohapo upumue."

Akagusa, akatoa, akagusa. Mate yalipokwisha akatumia jasho, ambalo halikuwa la kutafuta. Huko aliko hewa ilikuwa nzito, kichwa kinamzunguka, lakini kila akipumzika taa ilizimika na muda ukaganda.

"Mwanangu," mzee akaita. "Njoo."

"Nakuja."

"Njoo unishike mkono. Nisife peke yangu kama mbwa."

"Nakuja, baba!"

Ilikuwa ile nakuja yetu tunayoijua wote, ya mtu aliye bado bafuni. Akagusa, akatoa. Mzee alimwita tena, safari hii kwa jina, polepole, na Rukia akajibu vilevile huku machozi yakimtoka. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Akienda, saa inalala na wote wawili wanakwisha. Asipoenda, mtu mzima anakata roho anamwita. Kidole hakikuondoka kwenye sindano. Baada ya hapo mzee hakuita tena.

Komeo lilipolia alikuwa hata haamini. Akakimbia akijikwaa kwenye mbao, akausukuma mlango kwa bega, baridi ikamwagika ndani. Akamkokota mzee Saulo kwa makwapa mpaka kwenye majani, akamfungua shati, akampepea kwa khanga. Kwa muda mrefu hakukuwa na kitu. Kisha mzee akakohoa, akakohoa tena, akafumbua macho.

Rukia akaudaka mkono wake kwa mikono yote miwili. Mzee akautazama, akautoa taratibu.

"Ulisema unakuja," akasema. "Mimi nilikuwa nakufa, na wewe ulikuwa unachezea mbao."

Rukia akafungua kinywa amweleze habari za saa. Kilio kikatangulia. Akabaki amepiga magoti kwenye majani, analia kwa sauti.