Bomba Lililopiga Mateke Mosocho

"Bomba la kunishinda mimi bado halijatengenezwa," Thadeus Mogire alitangaza, mguu mmoja juu ya kreti ya soda, mbele ya duka moja pale Mosocho, Jumapili watu walipokuwa wengi wa kutosha kumsikia. "Haya maji mnayokunywa hapa, nani aliyaleta? Ni mikono hii!"

Akaiinua watu waione. Ilikuwa mikono laini kama maandazi. Mwaka huo wa sabini na tatu, alipomaliza kidato cha nne, Thadeus alikuwa amefanya kazi miezi mitatu na kundi lililochimba mtaro wa maji hadi Mosocho. Wiki ya kwanza alichimba. Wiki ya pili mnyapara akagundua kwamba kijana huyu anachimba zaidi kwa mdomo, akampeleka kuwapikia wenzake chai. Kwa hiyo jambo alilolijua kuhusu maji, tena kwa uhakika, ni kwamba yakitoa mapovu yamechemka.

Angeteremsha mguu wake salama kama nyuma yake asingekuwa amesimama Mzee Machogu na paketi ya sukari mkononi.

Machogu alikuwa karani wa kiwanda cha majani chai upande wa Nyamira, akirudi nyumbani kila Ijumaa. Alikuwa mtu wa kwanza kwenye kilima kile kuingiza maji ndani ya nyumba yenyewe, bomba moja jikoni na jingine bafuni. Tena alikuwa baba yake Kemuma, na Kemuma ndiye sababu shati jeupe la Thadeus lilikuwa likipigwa pasi kila juma tangu Januari.

"Kijana, umesema mikono ipi?"

"Hii, Mzee," Thadeus akajibu, sauti imepungua nusu.

"Basi iletwe kwangu."

Hapakuwa na mtu sokoni ambaye hakujua kisa cha bomba la Machogu. Ukilifungua lilitoa maji vizuri kabisa. Ukilifunga, nyumba nzima iliitikia: DU! DU-DU-DU! kama fahali aliyefungiwa juu ya paa. Sabato iliyopita mzee wa kanisa, Ratemo, alikuwa anaombea chakula hapo, na Ratemo akishika sala huwa haachii upesi. Kidogo mtu akanawa mikono jikoni, akafunga bomba. DU! Ratemo alisema amina katikati ya neno, na alipofumbua macho alikuwa tayari uani, uma bado mkononi.

"Sikiliza," Machogu akasema. "Ijumaa jua likizama, Sabato imeingia. Kesho yake kwaya nzima inakula kwangu. Atakayelinyamazisha bomba lile kabla ya jua kuzama, nitaketi naye nisikilize neno lake. Neno lolote. Likiendelea kupiga kelele, nitalikata kwa msumeno, na hayo maneno mengine nitayakata pamoja nalo."

Maneno mengine yenyewe watu waliyajua. Mara mbili baba zake wadogo Thadeus walikuwa wameomba ruhusa ya kuja kuzungumza habari ya ng'ombe wa mahari, na mara mbili Machogu alijibu kwamba bado anafikiri. Sasa alikuwa ameweka siku. Thadeus akacheka kwa nguvu kuliko wote.

Jumatatu asubuhi alifika na spana ya kuazima. Uani, kando ya ghala, palikuwa na Magokoro Mong'ina, mama yake Machogu, ameketi juu ya ngozi akiota jua.

"Nani huyo?" akauliza, mkono juu ya macho. "Ni mbuzi wa jirani?"

"Ni mimi, Magokoro. Thadeus."

"Ah, mume wangu! Macho yameniisha, sioni hata mkono wangu. Umekuja kunioa leo au unaogopa wazee wenzangu?"

"Nimekuja kutengeneza bomba, mpenzi. Harusi yetu baadaye."

Magokoro akacheka mpaka ngozi ikatikisika. Mzaha kati ya bibi na vijana hauna mpaka. Mpaka ulikuwa hatua kumi mbele, kwenye mlango wa nyumba, na hapo ndipo Thadeus alipokumbuka kwamba hajafikiri vizuri.

Ni chinsoni, heshima ya Abagusii kati ya mkwe na wazazi wa mke. Mkwe hamkodolei macho mama mkwe, haingii jikoni mwake ovyo ovyo, na chumba chake cha kulala, afadhali ajitupe mtoni. Thadeus hakuwa ameleta hata kwato, lakini kwa heshima alikuwa amejitanguliza kama mtu aliyemaliza kulipa ng'ombe wote. Akimwona Bosibori, mama yake Kemuma, akija njiani, aliingia shambani kwa watu mpaka apite.

Kwa hiyo fundi akasimama nje ya dirisha la jikoni, ameipa nyumba mgongo, akatengeneza bomba kwa mdomo.

"Kemuma! Fungua!"

Maji yakamwagika.

"Funga!"

DU! DU-DU-DU!

"Ni hewa," Thadeus akasema kwa utulivu wa daktari. "Katika fizikia tuliisoma. Hewa imenaswa ndani, inataka kutoka."

"Na itatokaje?" Kemuma akauliza kutoka ndani. Alikuwa msichana wa maneno machache, na macho yake yakikuuliza swali ulitamani uwe umesoma zaidi.

"Tunaitoa yote. Fungua kila bomba, maji yaishe."

Yeye mwenyewe akafunga koki ya nje. Mabomba yakakauka yakikoroma. Akafungua tena koki kwa madaha kama anafungua barabara mpya. Kemuma akafungua bomba, likatema mate, likatoa maji. Akafunga.

DU! Safari hii hata kuku walitawanyika.

"Limekujibu, mume wangu," Magokoro akasema kutoka kwenye ngozi yake. "Limesema halina hewa, lina hasira."

Jumanne Thadeus alijaribu kulisikiliza, sikio kwenye kijiti, kijiti kwenye ukuta, akizunguka nyumba. Jumatano aliamuru Kemuma afunge bomba polepole, polepole kabisa, na kweli halikulia. Ila Kemuma akamwuliza kama atawafundisha kwaya nzima, soprano kwa besi, namna ya kufunga bomba kabla ya kula. Siku hiyo alirudi kwao bila kupiga mluzi.

Alhamisi akapanda kwenda mjini kwa Indravadan, mwenye duka la misumari na mabati. Indravadan alimsikiliza huku akipima kamba, kisha akauliza swali moja tu.

"Ukifunga polepole, kimya. Ukifunga haraka, kelele. Ndiyo?"

"Ndiyo, bwana."

"Basi hakuna ugonjwa wa ajabu. Njoo hapa." Akamtoa hadi mlangoni, ambako watu watano walikuwa kwenye foleni ya mafuta ya taa, akamshika bega wa mbele aliyekuwa anataka kuingia. Wa pili akamgonga wa kwanza, wa tatu akamgonga wa pili, na wa mwisho akaangusha mtungi wake mtupu chini. "Unaona? Maji yanakimbia. Wewe unayafungia mlango usoni. Yanagongana, yanasukuma bomba. Bomba likishikwa vizuri, linavumilia. Likiwa limelala tu juu ya mti bila kufungwa, linapiga teke. Tafuta mahali bomba linacheza, ulishike. Ukilifunga weka kitu laini katikati. Sasa waombe radhi watu wangu."

Thadeus aliwaomba radhi wote watano kwa mkono na akateremka Mosocho akikimbia. Dawa sasa alikuwa nayo. Njiani tu, karibu na zizi la ng'ombe wa jirani, ndipo miguu ilipopunguza mwendo. Bomba la jikoni liliingilia wapi? Aliliona kwa macho ya moyo, jinsi Kemuma alivyomsimulia: kutoka koki ya nje, likapanda ukutani, likapita juu ya boriti, chini tu ya mabati, kwa kuwa dari bado haijawekwa. Na hiyo boriti ilikuwa juu ya chumba cha Bosibori. Juu ya kitanda chake hasa.

Ijumaa saa nane, Bosibori alikuwa ameenda sokoni kununua vitunguu vya kwaya. Thadeus akasimama nje ya dirisha la chumba kile, macho yameelekea mbali, upande wa Kiogoro.

"Kemuma, wewe ingia. Panda juu ya kitanda, weka kigoda. Mimi nitakuelekeza."

"Utanielekeza ukiangalia kule?"

"Fundi mzuri haangalii. Fundi mzuri anasikia."

Kigoda kikalia. Kisha Kemuma akasema, "Linacheza! Nikilisukuma linagonga mabati."

"Ndilo! Sasa lifunge kwa..." Hakumaliza. Langoni palisikika Bosibori akimsalimu jirani.

Njia ya kutokea ilikuwa langoni, na Bosibori alikuwa hapo hapo. Thadeus aliruka mfereji, akapita kando ya ghala akiinama, akajitosa kwenye migomba nyuma ya nyumba. Magokoro alikuwa palepale kwenye ngozi, uso ameuelekeza upande mwingine. Thadeus akamshukuru Mungu kwa macho ya wazee.

Alidhani Bosibori ataweka vitunguu na kuingia ndani. Bosibori akatoa ungo, akaketi kwenye baraza ya nyuma, akaanza kupepeta wimbi. Barazani penyewe paliangalia migomba. Kila Thadeus alipojaribu kuchungulia, kichwa cha mama mkwe kiliinuka. Akajibanza nyuma ya mgomba uliokatwa juzi. Nusu saa. Saa nzima. Saa ya pili, ya tatu. Utomvu ulimdondokea begani, tone kwa tone, na siafu wawili wakamtembelea wakapafanya kwao. Wimbi la mama yule halikuwa na mwisho.

Huko ndani Kemuma alingoja maelekezo. Alipoona hakuna, alishuka, akaenda kwenye baiskeli mbovu ya baba yake, akakata mpira wa ndani vipande virefu. Akapanda tena. Akazungushia bomba mpira, akalifunga kwenye boriti, kipande hapa, kipande pale, akikaza kwa meno kama anafunga mzigo wa kuni. Sehemu nne. Alipolisukuma, halikusogea. Akajipangusa vumbi la mabati usoni, akatandika kitanda, akaenda kumenya vitunguu.

Jua lilikuwa limeegemea kilima Machogu alipoingia na mkoba wake. Bosibori akaingia ndani kumwandalia chai. Thadeus akatoka kwenye migomba, akazunguka kwa barabara, akaingia kwa lango la mbele, spana begani kama bunduki.

"Haya, mikono!" Machogu akasema. "Tuione."

Machogu akaingia jikoni mwenyewe. Nje, watu wote walisimama wakingoja: Kemuma na kisu cha vitunguu, Magokoro na fimbo yake, Thadeus na spana yake. Maji yalisikika yakikimbia. Kisha Machogu akafunga bomba kwa ghafla, kwa hasira ya mwezi mzima.

Kimya.

Akafungua, akafunga. Kimya. Mara tano. Kuku hata hawakuinua vichwa. Machogu akatoka uso wote meno.

"Mbuya mono, vizuri sana! Kijana, kaa! Mleteeni chai! Nieleze, ulifanyaje?"

Hapo ndipo angeweza kujiokoa. Lakini Thadeus aliona uso wa Machogu, akaona jua bado halijazama, na mdomo ukatangulia kama ulivyozoea.

"Mzee, ni kazi ya akili. Nilifuata sauti hadi chanzo. Nikapanda juu, nikalikuta bomba linapiga mateke. Nikalishika kwa mikono hii, nikalifunga kwenye boriti sehemu... sehemu nyingi."

"Ulipanda mwenyewe?"

"Mwenyewe, Mzee."

"Juu ya boriti ipi?"

Thadeus akafungua mdomo. Mdomo, kwa mara ya kwanza maishani mwake, haukutoa kitu. Nyuma ya pazia la mlango kikombe kikaanguka, maana Bosibori alikuwa anasikia, na kitanda chake alikijua kilipo.

"Kijana," Machogu akasema polepole, "umeingia chumba cha mama mkwe wako?"

Akikubali, amevunja chinsoni, hakuna ng'ombe wa kuirekebisha. Akikataa, ni mwongo. Thadeus aliangalia chini, akaangalia Kiogoro, hakuna aliyekuja kumwokoa.

"Mwache mtoto, Machogu," Magokoro akasema. "Hana kosa hilo. Hakuingia. Tangu saa nane alikuwa kule kwenye migomba, kwenye shina la tatu, anajikuna siafu."

"Magokoro," Thadeus akanong'ona, "si ulisema huoni?"

"Mkono wangu sioni, mume wangu. Mwanamume anayekimbia namwona vizuri sana. Machogu, angalia shati lake."

Wote wakaangalia. Begani, juu ya nguo nyeupe iliyopigwa pasi, madoa ya utomvu yalikuwa yameshakauka kuwa kahawia, moja, mbili, tatu, hadi mfukoni. Na kila mwanamke pale alijua kwamba doa la mgomba halitoki kwa sabuni yoyote ya dukani.

"Ni grisi," Thadeus akajaribu.

Kicheko kikapasuka. Bosibori mwenyewe, nyuma ya pazia, alicheka mpaka akakohoa. Machogu alijifuta macho kwa tai.

"Basi nani alifunga bomba?"

Magokoro akanyoosha fimbo. Kemuma alikuwa na vumbi jeusi la mabati kwenye nywele, na kipande cha mpira wa baiskeli bado kimemzunguka kidole.

"Nilisema aliyelinyamazisha nitasikiliza neno lake," Machogu akasema, akijitahidi kurudisha uso wa baba. "Lolote. Sema, binti yangu. Jua linaondoka."

Kemuma akamtazama Thadeus kuanzia siafu hadi spana.

"Baba zake wadogo waje Jumapili ijayo," akasema. "Na yeye aje. Lakini wazee wakiuliza habari ya bomba, nitajibu mimi."

"Na mimi nitakaa karibu yake," Magokoro akaongeza, akirudi kujilaza vizuri kwenye ngozi, "nikiwa sioni kitu."