Kamba Iliyojipinda

"Bosi, umerudi?"

 Mke alisimama mlangoni na viatu mkononi, maana miguu ilikuwa imevimba, na mtu aliyepiga deki tangu alfajiri ghorofa baada ya ghorofa hadaiwi salamu. Mumewe alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Ncha moja ya kamba kaing'ata kwa meno, kamba yenyewe kaitegesha kwenye kidole gumba cha mguu, na mkono wa kushoto ukihangaika katikati. Mkono wa kulia ulilala pajani, kama mgeni asiyejua kuaga.

"Nimerudi," alisema hatimaye. "Hebu tema hiyo kamba. Mkono umekwenda, na meno nayo unayapeleka wapi?"

Mzee akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, upande uliobaki na kicheko. "Mkono mtupu haulambwi, Bosi. Na huu wangu hata kujikuna haujui."

Jina hilo la Bosi lilianza siku mzee alipotoka hospitali, ilipobainika ni nani sasa atakayeilisha nyumba. Mwanzoni liliwachekesha wote wawili. Siku hizi lilimchosha tu, kama kilivyomchosha kila kitu kingine. Mumewe alikuwa fundi wa mahema, na fundo lake lilikuwa halifunguki kwa upepo wala kwa fitina. Halafu asubuhi moja akaanguka karakanani juu ya turubai, akazinduka upande wa kulia haumsikii. Kigoda chake cha kazi kilikuwa bado kinamngoja, ila Mnyapara wa karakana alikuwa ametuma salamu kwamba leo jioni angepita kumjulia hali. Hali yenyewe ilikuwa ya mkono, na hapakuwa na haja ya mtu kuambiwa.

Ndiyo sababu ya kamba ile. Ilikuwa kamba ya mahema, ile nyembamba ya nailoni, nyeusi na ya rangi ya chungwa. Alikuwa anaifuma iwe ya kuvaa shingoni, mkewe atundikie funguo za ofisi anazosafisha. Mnyapara akiingia, aikute.

"Kula kwanza, ulale kidogo," mkewe alimwambia. "Macho yako mekundu."

"Nikiamka nina neno la kukuambia."

"Neno halichachi. Lala."

Mzee alilala palepale kitini. Mkewe naye alipaswa kujinyoosha, mgongo ulikuwa unamwomba kwa magoti, lakini macho yakamwendea kwenye kamba. Akaiokota.

Ufumaji ule una siri moja tu, na aliyemfundisha ni yeye huyu anayekoroma, enzi za uchumba wao, walipokuwa wakitafuta kisingizio cha kugusana vidole. Fundo hili lianzie kushoto, linalofuata lianzie kulia, zamu kwa zamu, na kamba hunyooka bapa. Ukianzia upande uleule kila mara, inajipinda. Na hii ilikuwa imejipinda. Kuanzia kwenye kulabu ya chuma ya kutundikia funguo ilizunguka na kuzunguka kama ganda la chungwa lililomenywa bila kukatika. Mwishoni tu, kipande kisichozidi kidole, ndipo iliponyooka, mafundo yakiwa yamelegea.

Maskini, alisahau zamu, akashtuka mwishoni! Alimwonea huruma. Fundi mzima, kosa la mwanafunzi. Mnyapara akiiona hii, basi tena, kigoda kimekwenda.

Kufumua huanzia mwisho. Kile kipande kilichonyooka ndicho kilichofumuka kwanza, fundo moja baada ya jingine, bila ubishi. Kisha akafumua na mafundo yaliyojipinda, akaanza upya, kushoto, kulia, kushoto, akikaza vizuri huku kope zikimshuka. Alipomaliza alichoma ncha kwa kiberiti zisichambuke, akamwekea mapajani. Alijisikia mtu mwema.

Mzee aliamka, akaishika. Aliipapasa kwa kidole gumba cha kushoto toka kulabu hadi ncha. Uso wake ulizima.

"Umeifumua yote?"

"Ilijipinda, Baba. Ulikosea zamu."

"Pale mwisho palikuwa pamenyooka. Ulipaona?"

"Nilipaona. Nikajua umekumbuka."

"Mimi nisahau zamu?" Sauti haikupanda, na bora ingepanda. "Nitasahau jina langu kwanza. Huu wa kushoto peke yake unajua kuanzia upande wake tu. Zamu ya kulia haikuwa na wa kuishika." Akautazama mkono uliolala. "Leo ulipoondoka, ikampata: vidole hivi viliamka kidogo."

Mkewe alikaa chini sakafuni bila kutafuta kiti.

"Si ungeniambia pale mlangoni!"

"Ulikuwa umechoka."

Uchungu ulimpanda kifuani kwa jinsi alivyolitamka neno hilo, bila lawama hata chembe. Angemtukana angepumua.

"Jaribu tena," alisema. "Jaribu sasa hivi." Mzee alikunja uso, jasho likamtoka. Mkono haukujibu.

Mlango ukabishwa. Mnyapara aliingia na mwili wake mkubwa na pole zake nyingi, akaketi, na kabla hajauliza hali akaiona kamba. Akaivuta kwa nguvu, akaigeuza.

"Ala! Fundi! Hii kazi yako?"

"Yake," mke alidakia. Uongo ulimtoka kabla hajaupima. "Kwa mikono yote miwili."

"Si yangu," mzee alisema. "Kaifuma shemeji yako. Yangu ilijipinda."

Mnyapara aliirudisha kamba mezani taratibu. "Fundi, nisikufiche. Kuna mtu anakiulizia kigoda chako. Nimemwambia angoje mpaka nitoke hapa."

"Basi usitoke kwanza." Mzee akamgeukia mkewe. "Nipe kipande kingine, Bosi."

Alimpa. Meno yakang'ata, kidole cha mguu kikategwa. Fundo la kwanza, kushoto. La pili, kushoto. La tatu likamponyoka, akalikamata, akaanza tena. Kamba ikaanza kujipinda mbele ya macho yao. Mnyapara alichungulia saa yake, kisha akaifunika kwa mkono wa shati.

Mke aliona kabisa mahali pa kusaidia. Ncha ilikuwa inateleza, kidole kimoja tu kingetosha kuishikilia. Akaisogeza mikono yake chini ya mapaja, akaikalia.

Zamu ya kulia ikafika tena. Mzee akangoja, kamba mdomoni, na hao wawili wakangoja naye.