Jeli Iliyokataa Maji ya Kisima

Kwa mwaka mzima Lorine alipima jeli ile katika maabara ya chuo, Kisumu. Ni punje ndogo zinazofukiwa kwenye mizizi. Hunywa maji, kisha huyaachilia polepole udongo unapokauka. Tatizo lilikuwa chumvi. Punje za kemikali ya akrilati tupu zilivimba ajabu kwenye maji ya mvua, lakini kwenye maji ya visima vya Luanda Kotieno zilibaki zimesinyaa. Ndipo akachanganya akrilati na kemikali nyingine, akrilamaidi. Mchanganyiko huo haukuvimba sana, ila chumvi haikuusumbua.

Mathews, aliyesoma naye kemia tangu mwaka wa kwanza, ndiye aliyetafuta kiwanda cha kuitengeneza. Lorine akampa vipimo vyote. Jeli ilipotoka kiwandani, akampeleka hata kwa shangazi yake mwenyewe, Dorca, mkulima wa nyanya.

"Waya, hii nimeipima mwenyewe," alimwambia shangazi, akimwita kwa Kiluo kama kawaida.

Mwezi wa pili baada ya kuzifukia punje shambani, Dorca akapiga simu. Nyanya zilikuwa zinakauka, ilhali alizimwagilia kila siku.

Lorine alikwenda, akang'oa mche mmoja. Punje zilikuwa ndogo kama mbegu za wimbi. Akaziosha, akazitia kwenye kikombe cha maji ya mvua. Baada ya saa moja zilikuwa zimefura kuliko mchanganyiko wake ulivyowahi kufura. Akajua.

Alimkuta Mathews soko la Otonglo, akiwaonyesha wanawake wawili glasi iliyojaa jeli. Akamvuta kando.

"Uliondoa akrilamaidi."

"Ile yako haikuvutia macho, Lorine. Watu wananunua kitu wanachokiona kikifura."

"Na kisima cha Waya? Ulijua kina chumvi."

"Nilijua." Hakumtazama. "Lakini anakuamini. Nilihitaji mtu wa kuanza naye."

Miaka sita walikuwa wamekula sahani moja. Lorine akawarudia wale wanawake.

"Kina mama, nyumbani mnamwagilia maji ya wapi?"

"Ya kisima."

"Basi msinunue hii. Itakauka pamoja na miche yenu."

Mathews alimwita kwa sauti ya chini. Hakugeuka.

Alimweleza Dorca yote shambani. Shangazi alisikiliza huku akiendelea kung'oa miche iliyokufa.

"Huyo kijana alikula kwangu mara mbili," alisema mwishowe. "Na ni wewe ulimleta."

"Ni mimi, Waya."

Lorine akajifunga leso kiunoni, akaanza mstari wa pili.